Mkondo au Utabiri? Istilahi ya Kupangia Biashara Wakati Usio na Yakini

Makala haya yanahusu dhana moja iliyokwisha kuingia katika hati za mipango, katika semina za wafanyabiashara na katika barua za mabenki, lakini ambayo bado haijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Wataalamu wa mipango huiita senario. Wafasiri wetu wameiita utabiri, makisio, mandhari, hali tarajiwa, taswira, na mara nyingine wameiacha ilivyo. Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo dogo, la kuwapendezea wanaistilahi tu. Mimi nami nilidhani hivyo, hadi nilipofanya kosa ambalo sina budi kulieleza, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa hati fupi niifasiri, ipate kusomwa mbele ya viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, makarani wa ununuzi na mafundi wa kinu katika kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Hati ilieleza sura tatu ambazo soko la pamba lingeweza kuwa nazo katika msimu uliokuwa unakuja, na kila sura ilikuwa na bei yake. Mwandishi hakusema ni ipi itakayotokea. Alikusudia wasikilizaji wajiulize wangefanya nini katika kila moja. Mimi nikaandika: utabiri wa kwanza, utabiri wa pili, utabiri wa tatu. Nilipomaliza kusoma, mzee mmoja, mwenyekiti wa chama chake, alisimama akauliza kwa upole: "Ndugu mkalimani, watabiri hawa watatu, sisi tumwamini yupi?" Watu walicheka, nami nikacheka. Haukupita muda nikasikia kwamba katika kijiji kimoja bei ya juu kabisa iliyokuwamo katika hati ile ilikuwa ikitajwa kuwa ndiyo bei iliyotabiriwa, na kwamba walikuwapo watu waliokopa pembejeo kwa kuitegemea. Hati haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la neno langu.

Neno tabiri limetujia kutoka Kiarabu, ambako lilihusu kufasiri ndoto. Mwenye kutabiri huichukua ndoto moja akaipa maana moja. Katika Kiswahili cha leo neno hili limepata makazi yake ya heshima katika Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa mvua za vuli na za masika kwa ukanda wa Ziwa Victoria, mkoa wa Simiyu ukiwamo. Utabiri huo una vipimo nyuma yake, na mkulima akiambiwa kwamba mvua zitakuwa chini ya wastani, anayo haki baadaye ya kuuliza kama ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo alama ya utabiri: husimama peke yake, na hupimwa kwa kutimia au kutotimia. Bashiri, ambalo ni neno la ukoo jirani, lilianzia katika kupeleka habari njema, na kwa hivyo halitufai katika hati inayoeleza, mathalani, kinu kikifungwa. Makisio na makadirio ni maneno ya mizani na hesabu. Mhasibu hukisia mapato, mhandisi hukadiria saruji, na wote wawili hutakiwa kutoa tarakimu moja mwishoni.

Senario ni kitu kingine. Ni maelezo ya jinsi mambo yanavyoweza kwenda kuanzia leo, tukio likizaa tukio, hadi kufikia hali fulani ya siku za mbele. Haisemi kwamba jambo litatokea. Inasema kwamba hili na hili yakienda hivi, tutajikuta pale. Na yakienda vile, tutajikuta kwingine. Jambo la msingi, ambalo ndilo nililolipoteza pale Kasoli, ni kwamba senario haiji peke yake. Ikibaki moja tu imekwisha kugeuka utabiri. Huja mbili, tatu au nne, zikipingana kwa makusudi, na thamani yake haipimwi kwa kuuliza ni ipi iliyotimia, bali kwa kuuliza kama waliozisoma walifanya uamuzi bora kuliko ambao wangeufanya bila ya kuzisoma.

Dhana yenyewe haina umri mkubwa. Neno ni la Kitaliano, la watu wa michezo ya kuigiza, na lilikuwa jina la muhtasari wa mchezo uliobandikwa nyuma ya jukwaa ili waigizaji wajue nani anaingia lini. Watengenezaji wa filamu walilichukua, na katika miaka ya 1950 Herman Kahn, mtafiti wa shirika la RAND nchini Marekani, akalitumia kwa maelezo yake ya jinsi vita vya nyuklia vingeweza kuanza na kuenea. Inasimuliwa kwamba aliyewapendekezea neno hilo watafiti wa RAND ni mwandishi wa filamu, Leo Rosten. Lakini biashara iliipata njia hii hasa kwa mkono wa Mfaransa Pierre Wack, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa kazi ya mipango katika kampuni ya mafuta ya Shell mjini London mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati ule makampuni ya mafuta yalipanga kwa utabiri mmoja, kwamba matumizi yangeongezeka kila mwaka kama yalivyokuwa yakiongezeka tangu baada ya vita, na bei isingebadilika sana. Wack na wenzake waliwaeleza wakubwa wao kwamba upo pia mwendo mwingine, ambao nchi zenye mafuta zingepunguza kuyatoa na bei ingeruka. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda takriban mara nne. Sisi tunaikumbuka miaka ile kwa uchungu wetu wenyewe, kwa kuwa bei hiyo iliikuta Tanzania ikiwa katika ukame wa 1973 na 1974, na fedha za kigeni zikihitajika kununulia chakula. Shell haikuwa imetabiri vita. Ilikuwa tu imekwisha kujiuliza ingefanya nini bei ikiruka, na swali lililokwisha kuulizwa hujibiwa upesi zaidi. Wack aliandika baadaye, mwaka 1985, kwamba kazi ngumu haikuwa kutunga maelezo hayo. Kazi ngumu ilikuwa kuibadili picha ya dunia iliyokuwamo katika vichwa vya wasimamizi.

Msomaji anaweza kuuliza, Shell na Kasoli wapi na wapi? Kasoli imo katika mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na hapo pana kinu cha kuchambulia pamba. Kinu cha pamba ni biashara ya aina ya pekee. Kinafanya kazi miezi michache tu baada ya ununuzi kufunguliwa, aghalabu mwezi Mei, lakini mkopo wake, walinzi wake na mashine zake hudai fedha mwaka mzima. Hununua kwa shilingi pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani. Huitenganisha nyuzi na mbegu, mbegu zikaenda kukamuliwa mafuta na kuacha mashudu, na nyuzi, ambazo sehemu yake kubwa husafirishwa nje, huuzwa kwa dola na kwa bei ambayo hakuna mtu wa Bariadi anayeshauriwa kuhusu kupanda au kushuka kwake. Mkulima naye hupanda kati ya Novemba na Desemba bila kujua atauza kwa bei gani nusu mwaka baadaye. Kati ya mbegu kutiwa ardhini na robota kupakiwa melini kuna takriban mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo mambo mawili makubwa hayana yakini: mvua ya Simiyu na bei ya dunia.

Yaliyotokea mwaka 2019 yanafaa kuelezwa kwa hesabu. Katikati ya mwaka 2018 bei ya pamba nyuzi katika soko la New York ilikuwa imepita senti 90 za Marekani kwa ratili. Wakulima walihamasishwa, wakalima sana, na mavuno ya msimu wa 2019/20 yalipita tani 340,000 za pamba mbegu kwa nchi nzima. Bei elekezi ikawekwa shilingi 1,200 kwa kilo. Lakini katika miezi hiyo hiyo Marekani na Uchina zilikuwa katika ugomvi wa kibiashara, na kufikia Agosti 2019 bei ya New York ilikuwa chini ya senti 60. Sasa tuchukue kalamu. Kilo moja ya nyuzi hutaka karibu kilo tatu za pamba mbegu, yaani shilingi 3,600 kwa bei ile. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kwa hivyo kilo moja ya nyuzi ilikuwa imekwisha kula dola moja na senti 56 au 57, ambazo ni kama senti 71 kwa ratili, kabla ya lori, umeme, vibarua, riba na ushuru. Mbegu zikiuzwa hurudisha sehemu, lakini mtu hahitaji shahada ya uhasibu kuona kwa nini wanunuzi walisita. Pamba ilijaa katika maghala ya vyama vya msingi, wakulima wakasubiri fedha zao kwa miezi, na Serikali ililazimika kuingilia kati pamoja na mabenki ili ununuzi uendelee.

Mwaka uliofuata ulikuwa na sura nyingine. Ugonjwa wa Uviko uliyafunga maduka ya nguo ya Ulaya na Marekani, na mwanzoni mwa Aprili 2020 bei ya New York ilishuka chini ya senti 50. Msimu ulifunguliwa kwa bei elekezi ya shilingi 810, na mavuno yalikuwa takriban tani 122,000 tu. Kisha ikaja 2021: mavuno yalikuwa bado madogo, hayakufika tani 150,000, lakini bei ya dunia ilipanda mwaka mzima, na kabla ya Oktoba ilikuwa imegusa senti 100. Wanunuzi wale wale waliokuwa wakikwepa pamba mwaka 2019 sasa walikuwa wakiigombania.

Miaka mitatu, na sura tatu zisizofanana. Mtu aliyekuwa na utabiri mmoja, hata uwe wa kitaalamu namna gani, alikosea angalau mara mbili. Na simlaumu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuutabiri ugonjwa. Ninachosema ni kwamba mambo mawili yasiyo na yakini, mvua na bei, yalikuwa yakijulikana siku zote kuwa hayana yakini, na mtu angeweza kukaa chini ya mwembe wa kinu na kuyapanga kabla. Chukua mavuno makubwa au madogo. Chukua bei nzuri au mbaya. Ukiyaunganisha unapata hali nne, wala hazihitaji kompyuta.

Basi hali hizo nne tuziiteje? Mandhari, ambalo baadhi ya wafasiri hulipenda kwa kuwa lina ukaribu na jukwaa, ni kitu kinachotazamwa kwa macho. Ni milima, bonde na ziwa. Hali ya mbeleni haitazamwi, na isitoshe mandhari imesimama wakati senario inakwenda. Taswira ni nzuri zaidi, lakini wahakiki wa fasihi wamekwisha kuipa kazi na hawataiachia. Hali tarajiwa ndiyo inayotumika sana katika hati za Serikali, na ndiyo ninayoiogopa zaidi baada ya utabiri. Kutarajia ni kungojea kwa matumaini. Ukimwambia meneja wa benki kwamba kufungwa kwa kinu ni mojawapo ya hali tarajiwa, atauliza kwa nini akukopeshe. Hali yamkini ingekuwa sahihi kwa maana, lakini yamkini ni neno ambalo vijana wengi wameacha kulisema, na nina shaka kama karani wa mizani atalikumbuka siku ya pili. Kubaki na senario si dhambi; lugha yetu imekopa mengi na kuyafuga. Lakini neno la mkopo huja likiwa bubu, halimsaidii msikilizaji wa mara ya kwanza, na wasikilizaji wa Kasoli walihitaji kusaidiwa.

Ninapendekeza mkondo, wingi wake mikondo.

Sababu yangu ya kwanza nimeiona kwa macho wilayani Bariadi. Mito mingi ya huko ni ya msimu. Wakati wa kiangazi hubaki mchanga mweupe, na juu ya mchanga huo utaona alama za njia kadhaa ambazo maji yalipita miaka mbalimbali: moja imekumbatia ukingo wa kushoto, nyingine imekata katikati, nyingine imezunguka jabali. Hakuna anayejua mvua zikija maji yatafuata ipi, lakini kila mtu anaziona zote, na hakuna mwenye akili anayejenga zizi lake ndani ya mojawapo kwa kuwa mwaka jana ilikuwa kavu. Hiyo ndiyo dhana tunayoitafuta: njia kadhaa, zote zinawezekana, moja itapita maji, na maji yenyewe yako safarini.

Sababu ya pili ni ya sarufi. Mkondo ni neno la Kibantu la ngeli ya m- na mi-, na umoja na wingi wake husikika wazi. Utabiri haubadiliki katika wingi. Msikilizaji haoni katika jina lenyewe kama ni mmoja au ni mitatu. Tukisema mikondo, wingi umo mdomoni.

Yapo mapingamizi. Mwalimu mmoja wa sayansi aliniambia: "Mwalimu mwenzangu, mkondo wa umeme tumeupigania miaka mingi, leo unataka kutuchanganya?" Na walimu wakuu watasema kwamba shule yenye mikondo miwili wanaijua wao. Nakubali kwamba neno hili limekwisha kuajiriwa. Lakini matumizi haya yote yana mzizi mmoja, yaani kitu kinachokwenda kwa kufuata njia, na muktadha hutosha kuyatenga. Hakuna mfasiri atakayesoma "mkondo wa mavuno madogo na bei kubwa" akadhani habari ni ya nyaya. Panapohitajika uwazi zaidi, hasa katika sheria na mikataba, na isemwe mkondo wa mbeleni. Kazi yenyewe ya kupanga kwa njia hii naiita upangaji kwa mikondo, na wala si upangaji wa mikondo, kwa sababu kinachopangwa ni biashara. Mikondo ni chombo tu.

Mkondo ukishachorwa hupewa jina, na hapo wanalugha wana kazi ya kufanya. Jina liwe fupi, lishike, na libebe hadithi nzima. Huko Mont Fleur, karibu na Stellenbosch nchini Afrika ya Kusini, mwaka 1991 na 1992 watu wa vyama na taasisi zilizokuwa zikipingana walikutana kutafakari nchi yao ingekwenda wapi baada ya utawala wa ubaguzi. Walipata mikondo minne wakaiita kwa viumbe warukao na wasioruka: Mbuni anayeficha kichwa mchangani, Bata Kilema, Ikaro wa hadithi za Wayunani aliyelikaribia jua mno, na Msafara wa Heroe, ndege ambao huinuka polepole lakini huinuka pamoja. Nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, kazi ya namna hiyo ilitoa mikondo minne pia. Mmoja uliitwa El Niño, kwa kumbukumbu ya mafuriko ya 1997 na 1998, mwingine jina lake lilikuwa la bata bukini warukao, na miwili iliyobaki ilipewa majina ya Kiswahili, Maendeleo na Katiba. Hati ilikuwa ya Kiingereza, lakini majina hayo mawili hayakuhitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote. Ninawaomba wafasiri wasiyafasiri majina ya mikondo neno kwa neno. Mbuni wa Mont Fleur anaeleweka kwetu. Lakini "bata kilema" kwa msomaji wa Bariadi ni bata wa kuchinjwa tu.

Kwa kinu cha Kasoli ningeiita ile minne hivi. Mavuno makubwa na bei nzuri: Magunia Hayatoshi. Huu ndio ambao bajeti nyingi huandikwa kwa kuufikiria, na ndio ambao katika miaka ile mitatu haukutokea hata mara moja. Mavuno makubwa na bei mbaya: Ghala Limejaa, Kasha Tupu. Huo ulikuwa 2019. Mavuno madogo na bei mbaya: Kinu Kimelala, yaani 2020. Na mavuno madogo na bei nzuri: Kugombea Gunia, yaani 2021, ambapo hatari ya mwenye kinu si kukosa soko bali kukosa pamba, mkulima anapomwendea mnunuzi wa pili aliyeongeza shilingi hamsini. Majina haya nimeyajaribu katika mazungumzo. Hakuna aliyeniuliza amwamini yupi. Waliuliza, "Likijaa ghala na kasha likawa tupu, chama kitalipa nini kwanza?" Nililitamani swali hilo tangu siku ile ya kwanza.

Istilahi nyingine za uwanja huu nitazipitia kwa haraka, isipokuwa zile zenye mgogoro. Yale mambo yanayosukuma mikondo, kama vile bei ya dunia, thamani ya shilingi, sheria za ununuzi na mvua, yaitwe misukumo. Miongoni mwa misukumo imo ile isiyo na yakini, na imo mingine ambayo matokeo yake yamekwisha kuamuliwa ingawa bado hayajatufikia. Wack alipenda kutoa mfano wa mto Ganges: mvua kubwa ikinyesha huko juu milimani, mafuriko ya tambarare hayatabiriwi tena, yanahesabiwa siku tu. Kwa Kasoli, eneo lililopandwa pamba likishajulikana mwezi Januari, sehemu ya habari za Juni imekwisha kuandikwa. Mambo ya namna hiyo nayaita yaliyo njiani. Ni maneno mawili, lakini ni wazi, na sioni sababu ya kubuni moja lisiloeleweka.

Mgogoro uko kwenye hatari. Tangu Frank Knight wa Marekani alipoandika mwaka 1921, wanauchumi hutenganisha jambo lisilojulikana lakini linalopimika, kama vile ajali za malori ambazo kampuni ya bima inaweza kuzihesabu kwa wastani, na jambo lisilojulikana wala kupimika. Kiswahili cha mabenki hutumia hatari kwa yote mawili, na mtaani hatari ni simba. Napendekeza hatari ibaki kwa lile linalopimika, maana bima wamekwisha kuizoea, na lile lisilopimika liitwe ukosefu wa yakini. Kwa kifupi, mashaka. Najua mashaka pia ni taabu. Lakini mtu akisema "nina shaka kama mvua itanyesha" hakuna anayedhani kwamba anaumwa. Tofauti hii si ya vitabuni. Mashaka yakiitwa hatari, mtu huamini kwamba yuko mtaalamu mahali fulani aliyekwisha kuyapima, akaacha kujiandaa.

Neno la mwisho ambalo nina hakika nalo ni uamuzi stahimilivu: uamuzi ambao hautakuwa bora kabisa katika mkondo wowote, lakini hautakuangamiza katika hata mmoja. Wakulima wa Simiyu wameshalizoea neno hili katika mbegu stahimilivu za ukame, na dhana yenyewe waliijua kabla ya semina zetu. Msukuma ana majina mahsusi ya udongo: luseni ni kichanga cha miinuko, itogolo ni ardhi ya chini iliyo nzito zaidi, na mbuga ni ule mweusi unaoshika maji. Mwenye akili hakutaka shamba lake lote liwe mahali pamoja. Alipata kipande luseni na kipande kingine chini, kwa kuwa mvua ikizidi mbuga huzama na ikipungua luseni hukauka, na katika mwaka wowote kipande kimojawapo kingempa kitu. Kadhalika ngitili, malisho yanayofungwa wakati majani yapo ili yafunguliwe kiangazi kikali kikija. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, uliifufua desturi hiyo katika vijiji vingi. Kwa mwenye kinu, ngitili ni fedha ambayo haikukopeshwa yote, au mashine ya kukamulia mbegu ambayo huendelea kufanya kazi nyuzi zinapokosa soko. Nilipoeleza uamuzi stahimilivu kwa mfano wa luseni na mbuga, sikuhitaji kueleza mara ya pili. Ningeanza na mfano huo siku ile ya kwanza, aibu yangu ingekuwa ndogo.

Limebaki neno moja ambalo sijalipatia jawabu. Ni lile tukio la ghafla ambalo halimo katika mkondo wowote uliochorwa na ambalo huivuruga yote kwa pamoja, kama Uviko wa 2020. Katika rasimu zangu niliandika kizuka, kutokana na zuka, nikakumbushwa na wenzangu wa pwani kwamba kizuka kwao ni mwanamke aliye katika eda, na wengine humwita hivyo pepo. Mzuko halina ubaya huo, ila ni baridi mno kwa jambo linalofunga maduka ya dunia nzima. Mwalimu mmoja wa Bariadi amenipa kishtukizo, kutokana na kushtukiza, na makarani wawili waliokuwapo walilichukua papo hapo. Mimi naona linanukia habari za askari zaidi kuliko za soko. Wasomaji walio na neno bora waliandikie Baraza kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, kwani hati ya mwaka huu bado iko mezani kwangu na mahali hapo nimepaacha wazi.